Jioni ya Viti

Ukiniuliza mimi kama ile mikutano ya wazazi ya kufungua shule ina faida, nitakuambia ina faida kubwa sana, kwa mwenye kiti. Asiye na kiti shauri yake. Lakini ngoja, nisirukie mwisho. Nina hasira, na mtu mwenye hasira husimulia ovyo, kwa hiyo nitajitahidi kwenda polepole, ingawa siahidi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kioo ambacho watoto wanakichafua kwa vidole. Wiki ya kufungua shule hata chai nainywa imepoa. Wazazi wote wa mtaa huu wanagundua siku moja kwamba watoto wamerefuka. Wanakuja mbio na sketi za mwaka jana. "Fundi, niachilie pindo." Nalitazama pindo, nakuta lilishaachiliwa zamani. Nawaambia, mama, hapa kilichobaki cha kuachilia ni roho tu. Wanacheka, halafu wananiachia ile sketi pale pale mezani.

Nina mtoto mmoja, wa kike. Nyumbani ni mtoto kama wa watu wengine, maneno hayamwishi, anamgombeza paka, ananiambia mboga imezidi chumvi. Lakini akitoka nje ya mlango wetu, akakutana na mtu asiye wa nyumbani, sauti inakatika. Si ukaidi, wala si ugonjwa. Daktari alimmulika koo akasema koo zima kabisa, huyu anaogopa tu, ataacha. Hajaacha. Mtaani wakambandika jina la Kimya, likamganda mpaka na mimi nikalizoea. Darasa la kwanza likaanza hadi likaisha mwalimu wake hajawahi kumsikia hata akikohoa.

Aliyemwokoa ni binamu yake, mtoto wa wifi yangu, yaani wa dada yake mume wangu. Huyo jina lake la mtaani ni Redio, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza kwa nini. Walizaliwa mwaka mmoja, wakaanza shule siku moja, wakakaa dawati moja. Kimya alikuwa akimnong'oneza, Redio anatangaza. "Mwalimu, anaomba ruhusa aende chooni." "Mwalimu, anasema jibu ni kumi na tisa." Na jibu huwa kumi na tisa kweli, maana mtoto wangu kichwa anacho. Mwalimu wa watu akaona isiwe taabu, akawa anampa vema zake kwa kupitia kwa mwenzake. Hivyo ndivyo mwanangu alivyovuka darasa la kwanza. Bila Redio pembeni yake angekaa pale kama begi lililosahauliwa.

Sasa, shule yetu ina desturi yake. Kila mwaka shule zikifunguliwa, Mwalimu Mkuu anaita wazazi wa kila darasa jioni, na kila mzazi lazima akae kwenye kiti cha mtoto wake. Kile kile kidogo, magoti yanakaribia kidevu. Karatasi yenye jina la mtoto imebandikwa juu ya dawati, unatafuta yako unajibana. Eti ukikaa anapokaa mtoto utaona anachokiona. Basi sawa. Ila mambo yote ya darasa yanaamuliwa humo humo, kwa viti. Kiti chenye mtu kina kauli. Kiti kitupu kimekubali lolote litakalosemwa. Akae mama, akae baba, shangazi, mjomba, bibi, haijalishi, mradi mtu wa ukoo ameweka makalio. Watu wanaiita jioni ya viti.

Mimi nilikuwa naidharau, sifichi. Mwaka uliotangulia nilikaa pale kiuno kinaniuma nikisikiliza watu wazima wakibishana rangi ya soksi. Nikarudi nyumbani nimeapa. Wifi ndiye aliyekuwa akinisema. Wifi anafanya kazi mapokezi hospitalini, kazi yake kuwaambia watu wakae wasubiri, na anaifanya mpaka nyumbani kwake. "Wifi, unaichukulia shule kama kioski," alikuwa akiniambia. "Mambo ya watoto yanapangwa pale. Siku watapanga lako wewe hupo."

Mwaka huu zikaja tetesi kwamba darasa la pili limefurika, litagawanywa. Wengine watabaki asubuhi, wengine watahamishiwa zamu ya mchana, na mwalimu mwingine, na wenzao wengine. Moyo ulinipasuka. Wakibaki wote asubuhi, sawa. Wakienda wote mchana, sawa vile vile. Lakini wakitenganishwa, mwanangu atamnong'oneza nani? Nikamwambia wifi, safari hii nafika hata kwa kutambaa.

"Wala usihangaike," akasema. "Hata ukichelewa, tupo wawili. Mimi nakaa cha Redio, mume wangu, shemeji yako, anakaa cha Kimya. Mtoto ni damu yangu, mimi si shangazi yake?"

Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa mdomo wangu huu, tena nikamshonea blauzi.

Siku yenyewe nilipiga mahesabu yangu vizuri: nazima pasi jua likiwa bado liko juu, nanawa uso, natembea taratibu kama mtu mwenye akili zake. Niko mlangoni na kufuli mkononi, akaingia Mama Pacha. Huyu pacha zake wote wawili wako darasa moja na mwanangu, na mkutanoni ana viti viwili, yeye na mumewe. Kaja na sketi mbili mpya, marinda yamefumuka, kashonewa na fundi mwingine wa bei rahisi halafu anakuja kulia kwangu.

"Fundi wangu, niokoe. Kesho wataonekana vituko."

"Mama Pacha, na mimi naenda huko huko unakokwenda."

"Si dakika mbili tu kwa mikono yako? Mimi natangulia. Nitamwambia Mwalimu Mkuu uko njiani, asifunge geti."

Nikamwangalia. Nikasema nimkatalie, nikaona aibu, mtu ameniita wangu. Nikaketi. Marinda si kitu cha kushona huku unaangalia mlango, lazima uyapange moja moja, uyabane, uyapige pasi, ndipo ushone. Nilishona kwa hasira, na yakanyooka vizuri sana, huo ndio ujinga wangu. Nikazikunja sketi zote mbili, nikafunga mlango, nikakimbia na nyuzi nyeupe zimenijaa kifuani.

Geti limefungwa. Mlinzi amekaa kwenye stuli ndani, redio yake sikioni.

"Kaka, nifungulie, nina mkutano."

"Umeanza."

"Kuna mtu ametoa taarifa yangu. Fundi wa sare. Nimeambiwa mtaniachia wazi."

"Hakuna aliyesema kitu," akasema. "Mwalimu Mkuu kasema nikifunga nimefunga. Nikikufungulia wewe, kesho wewe utanilisha?"

Nikamwita kaka, nikamwita baba, nikamwita jina ambalo sitalirudia hapa. Akaongeza sauti ya redio. Sasa lile darasa la pili lipo upande wa barabara, madirisha yake ya vioo yamefunguliwa sababu ya joto. Nikazunguka ukuta, nikaruka mtaro, nikakuta tofali la saruji, nikalisimamia. Nikawa naona ndani vizuri, kichwa changu usawa wa dirisha.

Wamejibana humo watu wazima kwenye viti vya watoto, wanaume na mashati yao ya ofisini, wanawake na mikoba mapajani. Mwalimu Mkuu kasimama mbele na ile suti yake. Pembeni mwalimu wa darasa, binti mdogo, mikono kaikunja. Nikatafuta dawati letu. Nikamwona wifi, na blauzi yangu mwilini, na pembeni yake, kwenye kiti cha mwanangu, shemeji. Kajikunja pale mtu wa watu, mrefu, magoti nje. Nikashusha pumzi. Nilicheka hata, peke yangu pale juu ya tofali.

Mwalimu Mkuu alikuwa anamalizia. Viti vyote vitupu vinahamia mchana, akasema, hilo halina mjadala, asiyekuja ameridhika. Akapita anabandua karatasi za majina kwenye madawati matupu, anazipanga kiganjani. Akarudi mbele akaziangalia.

"Bado mmoja," akasema. "Nafasi ni zile zile. Lazima mtoto mmoja zaidi aende. Nani anajitolea?"

Kila mtu akawa ghafla ana shughuli na mkoba wake. Mtu mzima ukimwambia atoe mtoto wake mbele za watu, anageuka mwanafunzi, anaangalia chini asiulizwe.

Mama Pacha akanyoosha mkono.

"Mimi sisemi kwa ubaya," akaanza, na mtu akianza hivyo wewe jishike. "Kuna mtoto humu anasemewa. Mwaka mzima. Mwalimu anauliza, yeye ananong'ona, mwenzake anajibu. Wetu wanakaa wanangoja. Mimi naona huyo angepata mwalimu mwingine, labda ingemsaidia na yeye."

"Kweli," akasema mmoja. "Wanangu wanamuigiza nyumbani," akasema mwingine. Na baba mmoja mwenye kitambi, sijui hata mtoto wake ni yupi, akajiegemeza nyuma akasema, "Si ndiyo mtoto anayefaa kabisa? Mpeleke asubuhi, mpeleke mchana, malalamiko utayasikia wapi?"

Darasa likalipuka. Walicheka, jamani. Wazazi wenye watoto walicheka mpaka yule mwalimu mdogo akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nikasikia damu inanipanda kichwani.

Mwalimu Mkuu akawatuliza kwa mkono. "Kiti kina mtu," akasema, anamwonyesha shemeji. "Taratibu ni taratibu. Siwezi kukitoa kiti chenye mtu."

Hapo ningenyamaza. Mara mia ningenyamaza, kiti kilikuwa na mtu, ilikuwa imekwisha. Lakini nani ananyamaza akichekewa mtoto? Nikagonga ukingo wa dirisha kwa kiganja. "Mwalimu! Mama yake niko hapa! Mkitaka kumcheka mnicheke mimi!"

Vichwa vyote vikageuka. Mwalimu Mkuu akakunja uso. "Nani huyo?"

Mama Pacha alikuwa karibu na dirisha. Aliniangalia usoni, mimi huyu, na sketi za wanawe mkononi mwangu. Akageuka mbele.

"Wapita njia tu hao, Mwalimu," akasema. "Funga tu dirisha, wanatusumbua."

Akalifunga mwenyewe. Kioo kikaja mpaka puani kwangu.

Yaliyofuata niliyaona bila kuyasikia. Nilimwona Mwalimu Mkuu akisema kitu, anaangalia saa yake. Nilimwona wifi ameniona. Tuliangaliana, mimi na yeye. Nikampungia mkono, nikamwonyesha kile kiti, kama vile hakijui, nikaweka viganja pamoja nikamwomba. Akaacha kuniangalia. Akamwinamia mumewe sikioni.

Shemeji akatikisa kichwa, hapana. Wifi akasema tena. Shemeji akatikisa tena, polepole zaidi. Wifi akasema kwa mara nyingine bila hata kumwangalia, anaangalia ubao, na hapo nikajua neno lenyewe kwa midomo yake. Inuka.

Na yule mwanamume akainuka. Haikuwa rahisi, miguu yake ilikuwa imenasa chini ya dawati, akahangaika, dawati likamfuata, mtu wa nyuma akamsaidia kulishika. Akatoka akaenda nyuma kabisa ukutani, akasimama anasoma picha za matunda zilizobandikwa na watoto. Mwalimu Mkuu akaja, akaingiza ukucha chini ya karatasi ya mwanangu, akaibandua. Ilikuwa imegandia vizuri, ilichanika pembe. Akaipanga na nyingine.

Niliwasubiri getini. Watu walitoka wanapiga soga, wananipita. Mama Pacha aliziona sketi akazichukua mkononi mwangu, "Asante fundi, Mungu akubariki," akaenda. Haki ya Mungu, alizichukua. Na mimi nilimwachia, maana macho yangu yalikuwa yanamtafuta mtu mwingine.

Wifi alitoka wa mwisho, mumewe hatua kadhaa nyuma anachezea simu.

"Wifi, umefanya nini?"

"Usinipigie kelele barabarani."

"Umemwinua! Nimeona kwa macho yangu. Kiti kilikuwa na mtu!"

"Ndiyo, nimemwinua." Hakupepesa. "Mwanangu amekuwa mdomo wa mtoto wako tangu wameanza shule. Hachezi, lazima akae naye. Hana ruhusa ya kuumwa, akiumwa wewe unakuja kulia mlangoni kwangu, nani atamsemea Kimya. Siku ile amepigwa na mwalimu kwa kusema ovyo, yalikuwa maneno ya nani? Ya wako. Anaamka usiku ameota anaulizwa maswali ya watu wawili. Ana miaka minane, wifi."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia. Ulisema redio gani inachoka, ukacheka, na wateja wako wakacheka."

Hilo nililisema. Nikatafuta tusi. "Wewe ni shangazi mtu? Shangazi gani anauza mtoto wa kaka yake?"

"Shangazi ndiyo. Spika, hapana." Akarekebisha kola ya ile blauzi. "Na wewe hangaika na mwanao. Wangu naye ni mtoto."

Shemeji alipita ameinamisha kichwa. Nikamwita. Akasema, "Shemeji, mimi sina la kusema," na kweli, hajawahi kuwa nalo.

Nikampigia mume wangu. Yeye ni dereva wa lori, alikuwa safarini, nikamsikia anapunguza gia. Nikamweleza lote kwa pumzi moja. Halafu akauliza, "Sasa wewe ulikuwa wapi?" Nikakata simu. Siku mbili sikuipokea.

Asubuhi yake nikaenda kwa Mwalimu Mkuu, nimevaa vizuri, nimeweka hasira mfukoni. Alinisikiliza akiwa amesimama, ile ya kukuonyesha hukai. "Mzazi, nakuelewa," akasema. "Ila nikibadili kwako, wote wa viti vitupu watakuja kujaza mlango huu. Jambo limepita. Jitahidi mwakani ufike." Akanifungulia mlango kwa heshima zote.

Nikamwambia mwanangu akiwa anakula. Nikamwambia utaenda mchana, utapata rafiki wapya. Akaniuliza, "Na Redio?" Nikasema Redio anabaki asubuhi. Akatafuna, akameza.

"Sasa nani atakuwa anasema?"

"Wewe."

Akacheka. Alidhani namtania.

Nilimshonea sketi mpya ingawa ya zamani ilimtosha, marinda kwenye mstari, kola nyeupe. Kila mchana nilifunga kazi nikampeleka mwenyewe mpaka getini, nikimwambia njia nzima, ukiulizwa sema, hata neno moja, hata kama ni baya, mama atafurahi. Anaitikia kwa kichwa. Jioni namchukua, namuuliza umesema? Ananiambia habari za mjusi aliyeingia darasani, mtoto aliyetapika, dawati linalocheza mguu. Habari tele. Nikajidanganya kwamba mambo yananyooka. Tukakutana na Redio njiani siku moja, yupo na wenzake, akapunga mkono akaendelea kukimbia. Nilitaka kumchukia, nikaona ni mtoto tu anayekimbia, kanenepa kidogo.

Halafu nikapigiwa simu na mwalimu wa mchana. Mwanamke wa makamo, sauti imechoka.

"Mzazi, nilitaka kujua kama mtoto wako alihama shule. Tangu nilipokabidhiwa majina hajaja hata siku moja. Nataka kumfuta."

Nikasimamisha cherehani. "Hajaja vipi? Mimi namleta mpaka getini. Jioni namtoa humo humo."

"Mama, nikiita jina, hayupo. Mimi nina watoto kama soko, sura zao bado sijazijua, nakwenda na daftari. Daftari linasema hayupo. Labda anaingia geti hili anatokea lingine. Watoto wa siku hizi ni wajanja."

"Wangu? Wangu si mjanja wa hivyo."

"Basi njoo mchana huu uone mwenyewe."

Nilikwenda. Nilimpeleka kama kawaida, nikamwacha aingie, halafu safari hii mlinzi akanifungulia. Nikapita nyuma ya ofisi, nikafika kwenye mlango wa darasa, nikajibanza ubavuni. Wamejaa mno, wanne wanne dawati moja. Mwanangu nikamwona mara moja, mstari wa pili, kola ile nyeupe, mikono juu ya dawati, mgongo umenyooka. Yupo. Nilitaka niingie nimshike yule mwalimu mkono nimwonyeshe, huyu hapa, una macho gani wewe? Lakini alikuwa ameshafungua daftari la mahudhurio anaita majina, kichwa chini, na mimi nikasema acha. Labda leo ndiyo siku yenyewe, labda atajikakamua. Nikabaki mlangoni, nimeshika fremu, namwombea.

Jina linaitwa, mtoto anaitika "Nipo!", kalamu inatia alama. Jina, nipo, alama. Mwalimu hakuinua kichwa hata mara moja.

Likafika jina la mwanangu. Nikaona darasa zima linajiweka sawa, vichwa vinamgeukia yeye, wanamwangalia usoni kabisa, meno nje, wanangojea kama mchezo wanaoujua. Mwalimu akarudia jina. Na wote kwa pamoja, kwa furaha, wakaitikia: "Hayupo!"

Na yeye alikuwa nao. Niliuona mdomo wake ukifunguka, nikaisikia sauti yake katikati ya zao, ile ile ya nyumbani, wazi, bila kutetemeka, imewatangulia wenzake kidogo. Alisema hayupo. Kisha akamgeukia jirani yake, akatabasamu, amemwangalia kuona kama amesema vizuri, na jirani akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akaandika.